Mada ya 9: Kuandaa Dashibodi ya Takwimu kwa Kiongozi Asiye Mtaalamu

Malengo ya mada

Baada ya kupitia mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana na kazi ya dashibodi ya takwimu;
(b) kufafanua kanuni za kuandaa dashibodi iliyo rahisi;
(c) kuchagua grafu inayolingana na swali lililoulizwa;
(d) kugeuza jedwali la takwimu kuwa taarifa fupi inayomwezesha kiongozi kuamua.

9.1 Maana ya dashibodi

Kila aliyepanda gari anaijua dashibodi: ni ule ubao ulio mbele ya dereva. Injini ina mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja, lakini dereva huonyeshwa machache tu: mwendo, mafuta, joto la injini na taa za onyo. Anayetaka zaidi ya hapo ni fundi, naye hufungua boneti.

Dashibodi ya takwimu hufanya kazi hiyohiyo katika biashara. Ni ukurasa mmoja au skrini moja ya kompyuta inayoonyesha viashiria vichache vya hali ya biashara, ili anayeongoza ajue kwa haraka kama mambo yanakwenda sawa na wapi panahitaji hatua. Stephen Few, mwandishi wa kitabu *Information Dashboard Design* cha mwaka 2006, anasisitiza sharti la skrini moja. Msomaji akilazimika kufungua kurasa kadhaa ili kulinganisha, dashibodi imeshindwa kazi yake.

Zingatia: kiongozi asiye mtaalamu wa takwimu si mtu asiyejua kitu. Anaijua biashara, wateja na wafanyakazi wake. Asichokijua ni lugha ya watakwimu, na alichopungukiwa ni muda. Kumrahisishia maana yake ni kumwondolea kazi isiyo yake. Si kumficha ukweli.

9.2 Historia fupi

Kuonyesha namba kwa picha si jambo la jana. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha kitabu kilichotumia grafu za mistari na za mihimili kueleza biashara ya Uingereza na nchi nyingine. Mwaka 1801 alichapisha kingine kilichokuwa na chati duara. Mwaka 1858 muuguzi Florence Nightingale alitumia mchoro kuonyesha kwamba wanajeshi wa Uingereza katika vita vya Crimea walikufa zaidi kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Aliowaandikia walikuwa viongozi wenye mamlaka ya kurekebisha usafi wa hospitali na kambi za jeshi, nao wengi hawakuwa watakwimu. Alijua anamwandikia nani, na alijua anataka wafanye nini.

9.3 Uzito wa jambo lenyewe

Mtahiniwa anaweza kudhani kwamba mpangilio wa namba ni suala la urembo. Mfano ufuatao unaonyesha vinginevyo.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi. Asubuhi ile ilikuwa na baridi, takribani nyuzijoto 2 za Sentigredi, na mpira ukipoa hukakamaa na kushindwa kuziba.

Usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walionya kwamba chombo kisirushwe. Walituma chati 13. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyopanga safari zote zilizopita kwa kufuata joto la siku ya kurushwa. Tume iliyochunguza ajali ilibaini kwamba mjadala ulijikita katika safari zilizopata hitilafu na kuziacha zile zilizokuwa salama. Zote zilipowekwa pamoja, picha ilijionyesha:

- Nyuzijoto 65 za Fahrenheit au chini yake (takribani 18 za Sentigredi): safari 4, zote 4 zilipata hitilafu.
- Nyuzijoto 66 za Fahrenheit au zaidi: safari 20, ni 3 tu zilizopata hitilafu.

Mistari hiyo miwili inaeleweka hata kwa mtu asiyejua roketi. Chati pekee hazikusababisha ajali ile, kwa kuwa onyo lilitolewa na wakuu wa kampuni wakabadili ushauri. Lakini waliotaka kuuzuia urushaji ule hawakuwa na ukurasa mmoja unaosema wazi kile walichokuwa wakikijua.

9.4 Kanuni za kuandaa dashibodi rahisi

(i) *Anza na uamuzi, si na takwimu.* Muulize kiongozi: "Jumatatu asubuhi unapaswa kuamua nini?" Namba isiyoweza kubadili uamuzi wowote haina nafasi kwenye dashibodi, hata kama ilipatikana kwa taabu.

(ii) *Viashiria viwe vichache.* Vitatu hadi sita vinatosha. Vingine viwekwe kwenye kiambatisho kwa anayevihitaji.

(iii) *Kila namba iwe na ya kulinganishwa nayo.* Kusema "tumeuza lita 17,000" hakutoshi. Je, lengo lilikuwa ngapi? Wiki iliyopita je? Namba iliyo peke yake haisemi kama ni nzuri au mbaya.

(iv) *Grafu ilingane na swali.* Kwa mabadiliko ya muda, tumia grafu ya mistari. Kwa kulinganisha vituo, bidhaa au matawi, tumia grafu ya mihimili. Chati duara itumike kwa nadra, pale tu ambapo kuna sehemu mbili au tatu za kitu kimoja. Mwaka 1984 watafiti William Cleveland na Robert McGill walionyesha kwamba macho hukadiria urefu kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Ndiyo sababu mihimili husomeka upesi kuliko vipande vya duara.

(v) *Mihimili ianzie sifuri.* Ukianzisha kipimo kwenye 90, mhimili wa 96 utaonekana mara tatu ya mhimili wa 92, ilhali tofauti yake ni ndogo. Huo ni udanganyifu, hata kama haukukusudiwa.

(vi) *Rangi iwe na kazi moja.* Acha karibu kila kitu kiwe cha rangi tulivu, kisha tumia rangi kali kwa jambo linalohitaji hatua. Wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo ongeza neno au alama, kwa mfano "Chini ya lengo".

(vii) *Kichwa cha grafu kiseme jambo.* Badala ya "Maziwa yaliyoharibika kwa wiki", andika "Maziwa yanayoharibika yameongezeka mara tatu". Msomaji asiachiwe kazi ya kubahatisha.

9.5 Mfano uliotatuliwa

*Swali:* Kampuni ya kubuni inakusanya maziwa kutoka vituo vitatu kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita. Wiki hii imekusanya lita 17,000, na lengo ni lita 20,000. Zimeharibika lita 1,020: Kituo A lita 150, Kituo B lita 120 na Kituo C lita 750. Kiwango kinachokubalika cha uharibifu ni asilimia 2. Kwa wiki nne zilizopita, uharibifu ulikuwa asilimia 2, 2, 3 na 4. Mwandalie mkurugenzi dashibodi.

*Hatua ya 1: Kokotoa.*
Makusanyo: 17,000 ÷ 20,000 = asilimia 85 ya lengo.
Uharibifu: 1,020 ÷ 17,000 = asilimia 6.
Hasara ya ununuzi: 1,020 × 1,000 = shilingi 1,020,000.
Mchango wa Kituo C: 750 ÷ 1,020 = takribani asilimia 74.

*Hatua ya 2: Panga kwa uzito.* Jambo kubwa likae juu upande wa kushoto, mahali msomaji wa Kiswahili anapoanzia kusoma.

*Hatua ya 3: Andika.*

| Kiashiria | Wiki hii | Lengo | Hali |
|---|---|---|---|
| Maziwa yaliyoharibika | 6% | Isizidi 2% | Hatua inahitajika |
| Maziwa yaliyokusanywa | Lita 17,000 | Lita 20,000 | Chini ya lengo |
| Hasara ya uharibifu | Sh 1,020,000 | Isizidi Sh 340,000 | Hatua inahitajika |

Chini ya jedwali ziwekwe grafu mbili tu: ya mistari ikionyesha uharibifu wa wiki tano (2, 2, 3, 4, 6), na ya mihimili ikionyesha uharibifu wa kila kituo.

*Hatua ya 4: Ongeza sentensi ya uamuzi.* "Uharibifu umefikia mara tatu ya kiwango kinachokubalika, na karibu robo tatu unatoka Kituo C. Tunashauri tangi la kupozea la kituo hicho likaguliwe wiki hii."

Angalia kwamba hatukusema tangi limeharibika. Takwimu zimeonyesha *wapi* pana tatizo. *Kwa nini* hujulikana kwa kwenda kuangalia. Mtahiniwa anayechanganya mambo haya mawili hudai sababu ambayo takwimu hazikuithibitisha.

9.6 Makosa ya kuepuka

- Kuorodhesha kila namba iliyotolewa kwenye swali bila kuchagua.
- Kutumia wastani unaoficha tatizo. Katika mfano wetu, wastani wa uharibifu ni lita 340 kwa kituo, na namba hiyo haifanani na kituo chochote.
- Kuonyesha mazuri pekee ili kumfurahisha mkubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na dashibodi inayoficha humwacha kiongozi akiendesha huku taa ya onyo imezibwa.
- Kutotaja tarehe, kipindi au kipimo. "6" ni asilimia, lita au wiki?

9.7 Zoezi la marudio

1. Eleza tofauti kati ya dashibodi na ripoti kamili.
2. Kampuni ya mabasi ilipanga safari 60 kwa wiki, zikafanyika 54. Kati ya safari 6 zilizofutwa, 5 ni za njia moja. Andika kichwa cha grafu na sentensi ya uamuzi.
3. Meneja anataka grafu ya mihimili ianzie 80 ili "tofauti ionekane vizuri". Mjibu kwa heshima, ukitoa sababu.

Mwongozo wa majibu

1. Dashibodi huonyesha viashiria vichache kwa mtazamo mmoja ili kuamua. Ripoti kamili hueleza chanzo, njia na maelezo ya kina kwa anayetaka kuchunguza.
2. Kichwa: "Safari tano kati ya sita zilizofutwa ni za njia moja." Sentensi: "Tumefikia asilimia 90 ya safari zilizopangwa, tunashauri mabasi na ratiba ya njia hiyo vichunguzwe kabla ya wiki ijayo." Asiyetaja asilimia, au anayedai sababu isiyomo kwenye swali, apunguziwe alama.
3. Jibu lioneshe kwamba urefu wa mhimili ndio unaosomwa kama ukubwa, hivyo kuukata chini hupotosha uwiano. Mtahiniwa apendekeze njia mbadala: kuandika tofauti yenyewe kwa namba juu ya mihimili. Kwa mfano: "Ndugu Meneja, tofauti tutaiandika juu ya kila mhimili ili ionekane, na mihimili ibaki na urefu wake wa kweli."