Kiti cha henzirani kilichobonyea

Swali: Fundi, nimenunua kiti cha mtindo wa Regency. Henzirani ya kukalia imebonyea. Ni cha kale kweli? Nisuke upya?

Jibu: Kipindue kwanza. Ukiona nyuzi zimepitishwa kwenye matundu yanayozunguka fremu, kimesukwa kwa mkono, kama viti vya Uingereza vya enzi hiyo, 1811 hadi 1820. Matundu peke yake hayathibitishi umri, maana mafundi wa leo nao hutoboa. Henzirani iliyobanwa kwenye mfereji imefumwa kwa mashine, kazi ya baadaye.

Usikimbilie kusuka upya! Ikiwa nyuzi hazijakatika, lowesha upande wa chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Upande wa juu una ganda linalozuia maji. Kiache kivulini usiku kucha, asikikalie mtu. Henzirani hujikaza inapokauka.