Meno Yetu na Msaada wa Wageni



Somo letu la leo linahusu meno. Labda utasema, "Meno! Hiyo nayo ni habari ya kuandikwa gazetini?" Ngoja kwanza.

Msimu mmoja wa korosho, mama mmoja mwanakisomo hakuonekana darasani kwetu kwa siku tano. Aliporudi tulimwuliza kulikoni. Kumbe mwanawe wa miaka minane alikuwa na gego bovu. Walimwekea karafuu, wakamsukutulisha maji ya chumvi. Maumivu yakatulia, nao wakadhani amepona. Baada ya wiki moja shavu likavimba hata jicho likafunga. Basi korosho ziliachwa chini ya mikorosho, mtoto akapakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali.

Tunashukuru mtoto alipona. Lakini hebu tupige hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi. Dawa. Siku tano bila kuokota korosho. Siku tano mtoto hakusoma. Na chanzo chake ni tundu ambalo mwanzoni lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Wahenga hawakukosea waliposema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Leo tutajifunza mambo matatu: jinsi jino linavyooza, hatari ya kuwakata watoto fizi, na jinsi ya kuupokea msaada wa meno unapokuja kijijini au shuleni kwetu.

1. JINO LINAOZAJE?

Wazee wetu wa Kimakonde waliyajali sana meno. Wengi waliyachonga yawe na ncha, kama vile walivyochanja nyuso zao. Ulikuwa ni urembo. Desturi hiyo sasa imefifia. Lakini imeingia desturi nyingine ambayo haichongi jino kwa nje, bali hulichimba kwa ndani. Desturi hiyo ni kula sukari kila saa.

Mdomoni mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tukila kitu kitamu, navyo hula. Vikisha kula hutoa tindikali, yaani maji makali yanayoweza kula hata kitu kigumu. Tindikali hiyo hulilainisha jino kidogo kidogo. Kwanza hutokea doa, halafu tundu. Tundu likifika kwenye moyo wa jino, ndipo mtu halali usiku.

Tindikali hufanya kazi kwa muda wa nusu saa hivi kila tunapokula kitu kitamu. Basi tupige hesabu tena. Asha ana pipi nne. Amezila zote mara moja, baada ya ugali wa mchana. Meno yake yameshambuliwa kwa nusu saa. Saidi naye ana pipi nne. Amekula moja asubuhi, moja saa nne, moja adhuhuri, na moja jioni. Nusu saa mara nne ni saa mbili. Pipi ni zilezile, lakini meno ya Saidi yameumia mara nne zaidi.

Msimu wa korosho fedha inakuwa mkononi, na watoto wanapata sarafu za pipi, soda na biskuti. Hatusemi mtoto asionje utamu kabisa. Tunasema apewe wakati wa chakula, siyo kutwa nzima. Akiona njaa katikati, tunavyo vyakula vyetu: karanga, muhogo wa kuchemsha, korosho za kukaanga. Lakini mtoto asibangue korosho mbichi kwa meno. Mafuta ya ganda lake huunguza midomo na fizi.

Jambo la pili ni kupiga mswaki, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu tukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha meno. Tutumie dawa ya meno yenye floraidi. Floraidi ni madini yanayoliimarisha jino. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Mswaki wa mti nao ni mzuri kama unatumiwa sawasawa, ila wenyewe hauna floraidi ya kutosha.

Wengine watasema, "Huku Newala maji ni ya shida, tutapigaje mswaki?" Ni kweli, sote tunajua kazi ya kutafuta maji huku juu mlimani. Lakini kupiga mswaki hakuhitaji ndoo. Kikombe kimoja kinatosha. Tena ukimaliza, tema povu tu, usisukutue sana. Ukisukutua sana unaiosha dawa kabla haijafanya kazi.

2. MTOTO ASIKATWE FIZI

Mahali pengi nchini mwetu kumekuwa na imani juu ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto mchanga akipata homa au akiharisha, watu humtazama fizi. Wakiona vivimbe vyeupe, husema hayo ndiyo yanayomwumiza. Basi hupelekwa kwa mtu akakatwe fizi kwa kisu au kwa chuma chenye ncha, meno yakang'olewa.

Ndugu zetu, meno ya plastiki hayapo. Vile vivimbe ni chonge za utotoni ambazo bado hazijatoka. Kila mtoto anazo. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, kama vile malaria au maji machafu. Mtoto akikatwa, anaweza kutokwa na damu nyingi, akapata pepopunda au maambukizo mengine, hata akafa. Na ile malaria yake bado anayo! Akiugua, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.

Na dalili nyingine ya kukimbilia hospitali, kwa mtoto na mtu mzima, ni hii: jino linauma na uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, mgonjwa ana homa, au anashindwa kumeza. Usisubiri kuche. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya pumzi.

3. MSAADA UNAOBAKI NA MSAADA UNAOPITA

Sasa tuje kwenye habari ya misaada. Watu wa Masasi na Newala si wageni wa jambo hili. Misheni ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876, iliendeshwa kwa michango ya waumini wa Uingereza. Mwaka 1935 misheni hiyo ilimleta daktari Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi. Hakutibu tu. Aliwafundisha vijana wa huku kazi ya uuguzi. Baadaye akawa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Pale Ndanda nako, Wabenediktini walifika mwaka 1906, na hospitali yao inatibu watu mpaka leo. Hii ni misaada iliyobaki.

Kwa upande wa meno tunayo mifano miwili ya kujifunza.

Mfano wa kwanza ni wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Bridge2Aid lilianza kazi huko. Madaktari wa meno walikuja kwa kujitolea. Wangeweza kung'oa meno wiki mbili, wakapiga picha, wakarudi kwao. Lakini wangeondoka, na mwezi unaofuata watu wangeumwa tena. Kwa hiyo, wakishirikiana na Serikali, waliwafundisha matabibu wa vijijini kung'oa jino bovu kwa ganzi na kwa usalama. Waliofuzu walipewa vifaa, pamoja na sufuria ya presha ya kuchemshia vifaa hivyo. Mgeni aliondoka, lakini ujuzi ulibaki zahanati.

Mfano wa pili unatupa fahari sisi Watanzania. Zamani kuziba jino kulihitaji mashine ya umeme. Kijijini umeme utoke wapi? Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianzishwa njia ya kuziba bila mashine. Daktari Mholanzi Jo Frencken alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, halafu tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshikana na jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kazi hiyo inaweza kufanyika darasani, mtoto akiwa amelala juu ya meza. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo, na leo inatumika nchi nyingi. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha ya dawa muhimu.

Lakini upo pia msaada unaopita. Tulifika shule moja ambayo hatutaitaja jina. Ilikuwa imepewa boksi zima la miswaki. Siku ya kukabidhiwa watoto waliimba na picha zikapigwa. Tulipouliza miswaki iko wapi, tulionyeshwa boksi kabatini, limejaa vumbi. Hakuna aliyepewa kazi ya kuigawa, na hakuna aliyejua dawa ya meno itatoka wapi. Aliyetoa hakuuliza, na sisi tuliopokea hatukusema. Hapo kosa ni la nani? Sisi tunaona ni la pande zote mbili.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama haonyeshi anapoumwa. Basi msaada ukija, kamati ya shule na serikali ya kijiji waulize maswali haya manne bila haya:

(a) Nani hapa kijijini atafundishwa, ili ujuzi ubaki?
(b) Vifaa vitasafishwa na kuchemshwa kwa njia gani?
(c) Dawa na vifaa vikiisha, tutapata wapi vingine, na kwa fedha gani?
(d) Je, Mganga Mkuu wa Wilaya anajua habari hii?

Swali la nne ni kubwa. Asikubaliwe mtu yeyote kung'oa meno ya watoto wetu bila ofisi ya Mganga Mkuu kujua. Na fedha zikitolewa, ziandikwe kwenye daftari, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mtu aisome. Sasa tunajua kusoma. Hakuna sababu ya kusomewa.

4. TUANDIKE BARUA

Tusikae tukingoja mgeni abishe hodi. Kusoma na kuandika ni chombo cha kazi kama jembe. Mwanakisomo anaweza kuisaidia kamati kuandika barua kama hii:

Kamati ya Shule ya Msingi ..........
Kijiji cha ..........
Tarehe ..........

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

YAH: OMBI LA HUDUMA YA MENO SHULENI

Shule yetu ina watoto ...... Tumewauliza wazazi, na watoto ...... wameumwa meno mwaka huu. Tunaomba mtaalamu wa meno aje awapime. Tunaomba pia mwalimu mmoja afundishwe kusimamia upigaji wa mswaki. Sisi wanakijiji tutatoa chumba, meza, maji na chakula cha mtaalamu. Kama lipo shirika la hisani linaloshirikiana na ofisi yako, tunaomba ombi hili lifikishwe kwake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
.......... (Mwenyekiti)

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Barua hii inataja hesabu ya watoto, inasema tunaomba nini, na inasema sisi wenyewe tutatoa nini. Anayetoa fedha zake hupenda kujua mambo hayo matatu.

Mkitaka kupeleka ombi, pelekeni kabla ya watoto wa darasa la kwanza na la pili hawajapita. Kwenye miaka sita mtoto huota magego ya kwanza ya ukubwani. Yanaota nyuma ya meno ya utotoni, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nayo ni ya utoto, yatang'oka yenyewe. Siyo kweli. Yakioza, hayaoti mengine. Magego hayo yakizibwa mapema, mtoto atayatumia mpaka uzee.

Yule mtoto wa mama mwanakisomo aling'olewa gego la namna hiyo. Sasa ana pengo la maisha. Mama yake ndiye aliyetuomba tuandike somo hili.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tindikali: maji makali yanayokula jino.
Floraidi: madini yanayoimarisha jino.
Ganzi: dawa ya kuondoa maumivu wakati wa kutibu.
Hisani: wema unaofanywa bila kudai malipo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini Saidi aliumia meno zaidi ya Asha?
2. Jirani anataka kumpeleka mtoto akakatwe "meno ya nailoni". Utamwambia nini?
3. Taja msaada mmoja uliowahi kuletwa kijijini kwenu. Je, bado upo? Kama haupo, ulikwama wapi?
4. Jazeni barua ya hapo juu kwa habari za shule yenu. Isomeni kwa sauti kwenye mkutano, kisha ipelekeni.