Nguo Sita na Muhula Mmoja: Vidokezo kwa Mwanafunzi wa Ubunifu wa Mitindo

Mwaka wa mwisho wa shahada ya ubunifu wa mitindo una mtego wake. Miaka yote iliyotangulia uliambiwa cha kushona: wiki hii sketi, wiki ijayo kola, mwezi ujao koti lenye bitana. Ghafla mwalimu anakaa pembeni na kukuambia, "Haya, mradi ni wako." Wazo lako, kitambaa chako, fedha zako, na tarehe ya kukabidhi isiyojali kama umeme ulikatika. Wanaokwama hapo si wale wasio na kipaji. Wengi ni wale walionunua kitambaa kabla wazo halijaiva, au waliochora makubwa kuliko yanayoshoneka kwa mikono miwili. Vidokezo hivi ni vyako wewe unayezunguka Kariakoo, Dar es Salaam, au Biashara Street, Nairobi, mchana, na kushona chumbani usiku.

1. Tafuta swali, achana na mada

"Uzuri wa Afrika" ni mada. Haina mlango wala dirisha. Unaweza kuingiza chochote na mwalimu hatajua kama umefaulu au umeshindwa. Swali ni kitu kingine. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini. Ukiikata hovyo, mchoro umekufa. Je, inawezekana kubuni gauni ambalo pindo linaangukia mahali pake kwenye shingo, mikono na chini, na mabaki yakatosha kujaza kiganja tu? Hapo una kazi ya kufanya. Au mfikirie dereva wa bodaboda: anataka koti la kumkinga upepo saa 11 alfajiri, lakini lisimchemshe saa 7 mchana. Au mwanafunzi wa maabara anayevaa baibui na hataki mikono ya vazi hilo iingie kwenye kemikali. Maswali kama haya yana wateja hasa, na majibu yake yanaonekana kwa macho.

Mfano wa mbali: mwaka 1993 mbunifu Hussein Chalayan, akimaliza shahada yake Central Saint Martins, London, alizizika nguo zake ardhini pamoja na unga wa chuma, kisha akazifukua zikiwa na kutu na madoa. Duka la Browns likazichukua. Watu hukumbuka kioja cha kuzika, lakini kilichobeba kazi ile ni udadisi wake: udongo na muda vinakifanyia nini kitambaa? (Tafadhali usizike nguo zako. Kimeshafanywa.)

2. Chora hamsini, shona sita

Idadi ya mavazi huamuliwa na chuo. Tuseme ni sita. Sita hayo yachague kutoka kwenye lundo la michoro, na katika sita hayo, mawili tu ndiyo yawe magumu kweli. Mengine yawe tulivu: suruali iliyokaa vizuri, shati lenye kola iliyonyooka. Mwanafunzi anayeweka marinda, darizi, shanga na mkia wa mita tatu kwenye kila vazi hana mpango, ana wasiwasi. Anayepima kazi yako ataigeuza nguo ndani nje kabla hajaitazama kwa mbele, na nyuzi zinazoning'inia kwenye kwapa atazikuta.

3. Kitambaa kwanza kiungue, kisha kifuliwe

Madukani vitambaa vingi huitwa pamba kwa heshima tu. Omba kipande kidogo, kipeleke nyumbani, kishike kwa kibanio na ukiwashe kwa kiberiti juu ya beseni la maji. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hukunjamana na kuacha kitonge kigumu cheusi. Hapo utajua kama gauni lako la "kiangazi cha pwani" litapitisha hewa au litampikia mvaaji jasho.

Halafu fua. Kanga mpya ina wanga, na ugumu ule unaoupenda dukani hutoweka kwenye maji ya kwanza. Pamba nayo hurudi, yaani husinyaa. Ukikata kabla ya kufua, sketi iliyogusa goti itapanda juu ya goti baada ya kufuliwa mara moja, na rangi nyekundu inaweza kuwa imehamia kwenye kola nyeupe. Loweka, anika, piga pasi, ndipo uchukue mkasi.

Na nunua ziada ya angalau mita moja. Vitenge huingia kwa mzigo, chapa uliyoiona wiki hii inaweza isirudi tena dukani, na muuzaji atakuapia kwamba "hii nyingine ni ile ile." Siyo ile ile.

Ukitaka kwenda mbali na madukani, nenda kwa sababu. Uganda wapo wanaotengeneza lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. José Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, amejenga sehemu kubwa ya kazi zake juu yake. Lakini lubugo haufuliwi kama shati la shule, na hauna nyuzi za kwenda urefu na upana kama kitambaa kilichofumwa. Anayeuchagua atahitaji wiki za majaribio kabla ya kukata vazi la kwanza. Kama huna wiki hizo, usiuguse.

4. Marekani ni rafiki yako

Ile marekani ya bei nafuu, kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, ndiyo itakayokuokoa. Kila vazi lishone kwanza kwa marekani, mlishe mwanamitindo wako chakula cha mchana, mvalishe, na uchore makosa juu ya mwili wake kwa kalamu nyekundu: hapa panabana, hapa mshono umehama, bega limeshuka. Fumua, sahihisha pateni, shona tena. Wanafunzi huruka hatua hii kwa kuwa "inapoteza muda", kisha hupoteza muda huo huo, pamoja na kitambaa cha bei mbaya. Angalizo moja: marekani haianguki kama hariri. Kwa vazi la kukatwa mshazari au la kitambaa chepesi, tafuta shuka kuukuu lenye uzito unaokaribiana na kitambaa chenyewe.

5. Pima mwili ulio mbele yako

Vitabu vya pateni vilivyoko maktaba vingi ni vya Ulaya. Vile vya Winifred Aldrich wa Uingereza, kwa mfano, ni hazina, ila majedwali yake ya vipimo yalitungwa kwa soko la Uingereza. Chukua msingi wake, kisha chukua futi kamba. Ukikuta tofauti ya kiuno na nyonga ni kubwa kuliko kwenye jedwali, usipanue nguo nzima mpaka kiuno kielee. Ongeza nyonga, na pence za nyuma (ile mikunjo ya kubana kiuno) zizidishwe kina au idadi. Andika vipimo vya wanamitindo wako wote mapema, kisha vichukue tena wiki mbili kabla ya onyesho. Watu hunenepa. Watu hufunga Ramadhani.

6. Fumua koti la mtumba

Hakuna darasa la bei rahisi kama hili. Nenda Karume kule Ilala au Gikomba, Nairobi, utafute koti la zamani lililoshonwa vizuri, lenye doa au mfuko uliochanika ili bei ishuke. Lilaze mezani na ulifumue taratibu kwa wembe, mshono kwa mshono, ukipiga picha kila hatua. Utaona jinsi bitana ilivyoachiwa nafasi ya kupumua mgongoni, jinsi bega lilivyowekewa tabaka, jinsi ukosi ulivyokunjwa bila kuleta uvimbe. Mambo hayo mwalimu huyaeleza kwa dakika kumi ubaoni. Koti lenyewe litakueleza jioni nzima. Vipande ukishavitandaza ni pateni tayari ya kujifunzia, ya kujifunzia tu. Kuinakili na kuiita yako ni wizi.

7. Kuhusu fundi wa mtaani

Wapo wanaompelekea fundi michoro na kwenda kulala. Wanaopima hujua. Swali moja tu, "Huu mkono uliuingiza kabla au baada ya kufunga ubavu?", na rangi ya uso inabadilika. Soma kanuni za chuo chako: baadhi ya kazi, kama ovaloki, matundu ya vifungo au darizi ya mashine, huenda zikaruhusiwa kutoka nje, mradi uzitaje. Pale panaporuhusiwa, nenda, lipa bei ya haki, na jina la fundi liandike kwenye ripoti. Kaa naye pia. Mzee aliyekaa nyuma ya cherehani miaka thelathini anajua namna ya kutuliza kitambaa kinachoteleza, na akiona umeamkia vizuri na unauliza kwa nia ya kujifunza, atakuonyesha bila kinyongo.

8. Kwa msimamizi nenda na kitambaa mkononi

"Shikamoo Mwalimu, naendelea vizuri" si taarifa. Nenda na nusu ya mkono uliokataa kukaa, na maswali matatu yaliyoandikwa. Asipokubaliana nawe, andika alichosema na tarehe, kisha ujibu kwa kushona. Msimamizi anayeona kazi kila wiki hukutetea kwenye kikao cha alama. Ambaye hajakuona tangu mwanzo wa muhula hana la kusema.

9. Ripoti iandikwe cherehani ikiwa moto

Shona mchana, andika usiku huo huo, hata sentensi tano: nini kimeshindikana, kwa nini, umebadilisha nini. Bandika kipande cha kitambaa kando. Sura ya mbinu itajiandika yenyewe kutokana na daftari hilo. Wanaoisubiri mpaka mwisho huandika hadithi ya mradi ulionyooka kuliko ulivyokuwa, na msomaji mzoefu hunusa uongo huo ukurasa wa pili.

10. Umeme

Tafuta mapema nyumba yenye cherehani ya miguu na pasi ya mkaa. Singer ya bibi haijui mgao.

11. Vya watu vina wenyewe

Mwaka 2011 Louis Vuitton ilionyesha mavazi ya wanaume ya msimu wa 2012 yenye miraba ya shuka la Kimasai, na mjadala wa nani anufaike na alama hizo umeendelea tangu hapo. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe ni wa Morogoro au Kisumu, swali hilo ni la Wazungu peke yao. Ukitumia shanga za Kimasai, nenda kwa akina mama wanaozitunga. Waulize rangi fulani huvaliwa na nani na wakati gani, walipe kazi yao, na yale wanayokuomba usiyatumie yaache. Zungumza nao kabla ya kuchora. Ukienda na vazi lililokwisha kushonwa, hiyo si ruhusa unayoomba, ni baraka.

12. Picha zipigwe kabla ya onyesho

Onyesho ni dakika chache za muziki mkubwa na taa za rangi. Kazi itakayokupa ajira ni picha. Amka mapema: kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi mwanga ni laini; jua la saa 6 mchana litachimba vivuli chini ya macho na kuufuta mshono mweupe. Piga mbele, nyuma, ubavu, na picha mbili tatu za ndani ya nguo. Viatu viwe vile vile vya siku ya onyesho, maana urefu wa pindo umepimwa navyo. Zipu zijaribiwe mara ishirini; zile za bei chee hufia jukwaani.

Usiku wa kuamkia onyesho hakuna kushona kitu kipya. Kukaza vifungo, kupiga pasi, kulala.

13. Usiziache nguo stoo ya chuo

Zidai. Pateni zinakili kwenye karatasi ngumu, ziandike saizi na tarehe, uzihifadhi zikiwa zimeviringishwa, siyo zimekunjwa. Piga hesabu ya kila vazi: kitambaa, uzi, vifungo, nauli, saa zako. Bila hesabu hiyo utataja bei kwa aibu na kujipunja. Mbunifu Alexander McQueen alipomaliza shahada ya uzamili London mwaka 1992, mhariri wa mitindo Isabella Blow alinunua mkusanyo wake wote kwa pauni 5,000, akawa analipa kidogo kidogo, pauni 100 kwa wiki. McQueen aliweza kulipwa kwa mafungu kwa sababu bei ilikuwa imetajwa. Kwa hiyo uwe na yako, imeandikwa, siku ya onyesho, mfukoni. Shangazi wa mwenzako atakapokufuata nyuma ya jukwaa na kuuliza lile gauni la tatu ni shilingi ngapi, jibu kwa tarakimu, na uchukue namba yake ya simu.