Fundi wa Sinema Apima Moyo wa Kijana

Fundi wa nguo hupima kwanza bega na kiuno cha mtu, ndipo akate kitambaa. Watengenezaji wa sinema nao hupima, lakini wapimacho ni moyo: kijana apenda nini, amchukia nani, atamani kufanana na nani. Mkatekumeni aketiye usiku mbele ya shuka jeupe, akiona farasi wakikimbia na bunduki zikilia, hudhani hadithi hiyo ilitungwa kwa kuwa ni njema. Ajue kwamba ilikatwa kwa kipimo cha mtu fulani, na huenda mtu huyo si yeye.

Kule Marekani, katika miaka ya 1950, televisheni iliingia katika nyumba nyingi. Wazee wakabaki nyumbani. Vijana ndio walioendelea kutoka usiku na kulipa kiingilio. Mwaka 1954 James Nicholson na Samuel Arkoff walianzisha kampuni iliyoitwa baadaye American International Pictures. Mara nyingi walianza kwa jina la sinema na picha ya tangazo. Vikivuta watu, ndipo hadithi ikaandikwa. Kanuni yao ilikuwa hii: mtoto mdogo hutazama kila atazamacho mkubwa wake, lakini mkubwa hatazami cha mdogo, msichana hutazama cha mvulana, lakini mvulana hatazami cha msichana. Basi atakaye kuwapata wote na amlenge mvulana wa miaka 19. Wasichana, yaonekana, hawakuhesabiwa.

Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa I Was a Teenage Werewolf: mwanafunzi apelekwa kwa daktari ili atulizwe hasira, naye daktari amgeuza mnyama mkali. Kijana mwenye kinyongo juu ya wakubwa wake alijiona humo, tena bila lawama. Mwaka 1963 ikaja Beach Party, vijana wakiimba na kucheza pwani, wazazi wao wasionekane. Mwaka 1966 ikaja The Wild Angels: genge la waendesha pikipiki laharibu kanisa katika mazishi ya mwenzao. Kampuni ni ile ile. Je, wakuu wake walikuwa wameacha imani moja na kushika nyingine? La. Vijana wa Marekani walikuwa wakibadilika, na kipimo kikabadilika pamoja nao.

Swali: Je, kutazama sinema ni dhambi?

Jibu: Kwenyewe si dhambi. Papa Pius XII, katika barua Miranda Prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957, alihesabu uvumbuzi huo kuwa zawadi ya Mungu, akataka watazamaji, hasa vijana, wafundishwe kupambanua waonacho. Atokaye katika sinema akiwa na furaha ajiulize ni tamaa gani iliyofurahishwa. Yawezekana alikuja nayo toka nyumbani.

Sinema za farasi nazo zilipimwa kwa wavulana wa Marekani, kisha zikavuka bahari. Katika miaka ya 1950, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana wengi walijiita Bills kwa jina la Buffalo Bill. Wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani, wakagawana mitaa ya mji na kupigania mipaka yake. Nguo ya mwingine iliwakaa mwilini. Padre Jozef de Laet, mmisionari wa Scheut, hakuwakimbia. Aliishi kati yao, nao wakampa jina la kwao: Père Buffalo.