SOMO LETU: JINA JEMA LA MFANYAKAZI KATIKA MTANDAO WA KAZI



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo vijana wetu wa viwandani na mashambani wanatuuliza mara kwa mara: mfanyakazi wa mikono ajitangaze namna gani katika mitandao ya kazi, bila kusema uongo na bila kujidhalilisha? Wengine hudhani mambo hayo ni ya makarani na mameneja tu. Sivyo. Baadhi ya waajiri siku hizi, kabla hawajamwita fundi, hutafuta kwanza jina lake kwenye simu. Wakikuta matusi au uongo, fundi mzuri hubaki nje ya geti.

1. Jambo hili lilitoka wapi

Mtandao wa kazi unaojulikana zaidi ni LinkedIn. Ulifunguliwa Marekani mwaka 2003, na mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Fedha hizo hazikutolewa kwa ajili ya majengo. Mali yenyewe ni habari za watu wanaotafuta kazi na wanaotafuta wafanyakazi. Kwa hiyo tuingie tukijua kwamba soko hilo lina mwenyewe.

Wazo la mtu kujifanyia chapa lilipata nguvu mwaka 1997, Mmarekani Tom Peters alipoandika katika gazeti la biashara kwamba kila mtu ajitangaze kama kampuni zinavyotangaza bidhaa. Sisi wa chama tunalipokea wazo hilo kwa tahadhari. Shirika la Kazi Duniani lilitamka huko Philadelphia mwaka 1944 kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Sabuni ina chapa kwa sababu haina mdomo wa kujieleza. Ng'ombe hupigwa chapa ajulikane ni mali ya nani. Mfanyakazi ana jina, na jina hilo ni mali yake mwenyewe. Kwa hiyo hapa tutasema jina jema.

2. Andika kazi, usiandike sifa

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini fundi aliyefungiwa ndani ya ukuta wa kiwanda haonekani na mtu. Kuonyesha kazi yake si kujitembeza, mradi aonyeshe kazi na si majivuno.

Tuchukue mfano wa mwendesha boila katika kiwanda cha sukari. Akiandika, "Mimi ni mtaalamu hodari mwenye bidii na ndoto kubwa," hajasema kitu. Hata asiyejua boila anaweza kuandika hivyo. Lakini akiandika, "Naendesha boila ya makapi ya miwa tangu 2014. Naangalia kipimo cha maji na cha presha, naandika daftari la zamu, na nimefundisha vijana wanne," mwenye kuijua kazi atamtambua mara moja.

Mchuma chai naye aandike: miaka aliyochuma, kama anajua kupogoa, kama amewahi kupima majani kwenye mizani au kusimamia kundi. Mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba ya Kenya na ya Uganda. Siku kazi ya mikono inapopungua, mwenzetu ambaye ujuzi wake haukuandikwa popote huhesabiwa kama kibarua asiyejua lolote, hata kama ana miaka 20 shambani.

3. Maneno yawe na karatasi

Njia ya mwongo ni fupi. Usiongeze mwaka, wala cheo. Ukisema ulikuwa msimamizi na hukuwa, simu moja kwa kiwanda cha zamani inatosha kukuangusha, na hata yale ya kweli uliyosema hayataaminiwa tena.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayeondoka kazini haki ya kuomba cheti cha utumishi. Sheria ya Kenya ya 2007 na ile ya Tanzania ya 2004 nazo zina cheti hicho. Kidai, kitunze nyumbani, na andika mtandaoni tarehe zilezile zilizomo. Usiweke hadharani picha ya kitambulisho wala namba zako.

4. Mitego minne

(a) Kazi za Ghuba. Akikuandikia mtu usiyemjua kwamba amependa habari zako na kazi iko tayari, ila utume fedha kwanza, usitume. Katika Uganda kampuni inayopeleka watu ng'ambo lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Uliza huko.

(b) Picha za ndani ya kiwanda. Omba ruhusa kwanza. Wala usimpige picha mwenzako bila yeye kukubali.

(c) Hasira za usiku. Neno lililoandikwa baada ya ugomvi na nyapara asubuhi limeshasomwa na meneja. Madai yaletwe tawini, yajadiliwe, yapelekwe kwa sauti moja.

(d) Kusifiana bure. Usimshuhudie mtu kwa kazi ambayo hukumwona akiifanya.

Je, uandike kwamba wewe ni katibu wa tawi? Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda haki ya kuwa katika chama, na kuendesha mikutano, kutunza hesabu na kujadiliana na waajiri ni ujuzi wa kweli. Hata hivyo pima mazingira yako, uamue mwenyewe.

5. Jina la mmoja na nguvu ya wengi

Jina jema laweza kumpatia mmoja wetu kazi bora, nasi tutafurahi naye. Haliwezi kupandisha mshahara wa shamba zima. Hilo hufanywa na mkataba wa pamoja. Mtandao huwapanga watu washindane, mmoja mmoja, lakini mezani kwa mwajiri tunakwenda pamoja.

Maswali ya kuzungumza tawini

1. Kila mmoja aeleze kazi yake kwa sentensi tatu bila kujisifu. Wenzake waseme kama ni kweli.
2. Nani kati yetu aliondoka kazini bila cheti cha utumishi? Tawi limsaidie namna gani?
3. Mwenye simu atamsaidiaje asiye nayo?

Umoja ni nguvu.