Bunju wangu amepauka

*Mtaalamu, nilinunua bunju mdogo wa kijani mwenye madoa meusi. Muuzaji alimweka kwenye maji baridi. Sasa amepauka, hali vizuri. Nikitia chumvi leo atapona? Msomaji, Mshangano, Songea*

Pole sana ndugu, lakini usiitie yote leo. Bunju huyu ni wa midomo ya mito, mto unapokutana na bahari, na kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji chumvi zaidi. Mwenyewe huzoea. Wanaoumia ni bakteria wanaosafisha tangi: chumvi ikipanda ghafla hufa, amonia ikajaa.

Nunua chumvi ya bahari ya matangi. Ya jikoni haifai. Kila wiki ukibadilisha maji, iyeyushe ndooni, koroga mpaka punje ziishe, ndipo umimine taratibu. Pima kwa haidromita: kipimo kisipande zaidi ya 0.002 kwa wiki, hadi 1.008. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Hakikisha kwanza aina yake. Bunju wa Ziwa Tanganyika ni wa maji baridi, huyo usimtilie.

Akihema kwa kasi au akilala chini, badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo na umwone daktari wa mifugo.