Jinsi ya kutumia simu na tarakilishi kazini bila kujidhuru

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna afisi, kiwanda wala hospitali inayoendeshwa na mtu mmoja. Karani humngoja mhasibu, mhasibu humngoja mkuu wa idara, na dereva wa lori huwangoja wote watatu.

Siku hizi sehemu kubwa ya kutegemeana huko hupitia kwenye simu na tarakilishi. Kuna kundi la WhatsApp la idara, kuna barua pepe, kuna hati za pamoja ambazo watu watano huweza kuzijaza kwa wakati mmoja, na kuna mikutano ya video iliyoenea sana tangu janga la korona la mwaka wa 2020. Vifaa hivi vimeokoa saa nyingi. Mkazi wa Ruiru hana haja ya kukwama katika msongamano wa magari wa Thika Road kwa ajili ya mkutano wa nusu saa.

Hata hivyo, sisi madaktari hukutana na upande wa pili wa mambo haya. Watu hufika kliniki wakilalamikia kichwa kinachouma kila jioni, macho makavu, shingo iliyokakamaa na usingizi usiokuja. Wengine wana shinikizo la damu lisiloshuka ijapokuwa wanameza dawa. Ukiwauliza kuhusu kazi yao, utasikia kwamba simu ya kazi hulala kando ya mto na hulia hadi usiku wa manane.

Jambo ambalo ningependa msomaji alishike leo ni hili: kifaa cha mawasiliano hakileti ushirikiano chenyewe. Ushirikiano huletwa na mapatano baina ya wale wanaokitumia. Afisi isiyo na mapatano hupoteza kazi, na wafanyakazi wake hupoteza afya.

Funzo kutoka Ifakara

Kati ya mwaka wa 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilijaribu chombo kimoja katika hospitali nane za nchi mbalimbali. Mojawapo ilikuwa hospitali ya Ifakara, nchini Tanzania; nyingine zilikuwa katika miji kama London, Manila na Toronto. Chombo chenyewe kilikuwa karatasi yenye orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni upande gani unaopasuliwa? Je, kila aliyemo chumbani amejitambulisha kwa jina na kazi yake?

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Wagonjwa waliopata matatizo makubwa baada ya upasuaji walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Waliofariki walipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8.

Karatasi ile haikuwa na umeme wala intaneti. Nguvu yake ilitokana na watu kukubaliana nini kisemwe, nani aseme, na wakati gani. Programu ya bei ghali isiyo na makubaliano kama hayo haiwezi kufanya kazi iliyofanywa na karatasi hiyo.

Ujumbe usio na mwenyewe

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusambaza bidhaa katika eneo la viwandani, Nairobi. Saa tatu usiku mkuu anaandika katika kundi la watu 23: "Mteja wa Nakuru analalamika mzigo haujafika. Tafadhali ashughulikiwe."

Watu tisa wanajibu "Sawa". Wengine wanatuma alama ya kidole gumba. Kila mmoja anadhani mwenzake atashughulika. Asubuhi watu watatu wanampigia mteja yule yule, kila mmoja na maelezo yake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda ghalani kuangalia kama lori liliondoka. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sisi wa hospitali tunalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu hutokea kila zamu inapobadilishwa. Daktari wa usiku akimwambia wa asubuhi kwamba "yule wa kitanda cha sita aangaliwe", mgonjwa anaweza kufa kwa sababu ya neno hilo "aangaliwe".

Mwaka wa 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali tisa za watoto huko Marekani na Kanada. Madaktari walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpango wenye hatua tano: hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi gani, muhtasari wa ugonjwa, kazi zilizobaki na nani azifanye, jambo gani linaweza kuharibika na lichukuliwe hatua gani, na mwisho, anayepokea arudie kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Makosa ya matibabu yalipungua kwa asilimia 23. Madhara ambayo yangeweza kuzuiwa yalipungua kwa asilimia 30.

Mpango huo unafaa afisini pia. Ule ujumbe wa Nakuru ungeandikwa hivi: "Msimamizi wa ghala: mteja wa Nakuru hajapata katoni 40. Hakikisha kama lori liliondoka, kisha andika jibu katika jedwali la mizigo kabla ya saa nne asubuhi. Ikiwa halikuondoka, mpigie mkuu wa uchukuzi." Naye msimamizi anajibu: "Nimepokea. Nitakagua lori na kujaza jedwali kabla ya saa nne." Hapo watu 21 waliobaki wanaweza kulala.

Isitoshe, jibu limewekwa katika jedwali ambalo kila anayehusika analiona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la WhatsApp si daftari. Jambo lililoandikwa humo Jumatatu huwa limezikwa chini ya salamu na picha ifikapo Jumatano.

Kibera na Makueni

Haimaanishi kwamba makundi haya hayana faida. Mnamo 2014 na 2015 wahudumu wa afya wa kijamii wa Kibera na Makueni walishiriki katika utafiti wa kutumia WhatsApp pamoja na wasimamizi wao. Mhudumu aliye mbali na kituo aliweza kuuliza swali na kujibiwa, kuonyesha kwa picha kazi aliyofanya, na kutiwa moyo na wenzake. Makundi hayo yalikuwa na wasimamizi waliojulikana na kazi iliyojulikana. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kundi la kazi na baraza la porojo.

Gharama ya kukatizwa

Mtaalamu Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyofanya kazi mbele ya tarakilishi. Aligundua kwamba mfanyakazi akikatizwa, huchukua kwa wastani kama dakika 23 kabla ya kuirudia kazi aliyoiacha, kwa kuwa njiani hushikwa na shughuli nyingine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2008, yeye na wenzake waliona kwamba wanaokatizwa huharakisha ili kufidia wakati, lakini hulipa kwa dhiki na uchovu wa akili.

Jambo hili lina maana kwa mwili. Kila simu inapolia, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio na misuli ya shingo hukaza. Mara moja si neno. Mara hamsini kwa siku, mtu hufika nyumbani amechoka kama aliyebeba magunia, ingawa alikuwa ameketi kutwa.

Usiku ni wa kulala

Mwezi wa Mei mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa makadirio ya kutisha. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria kwamba katika mwaka wa 2016 pekee watu 745,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo.

Huenda msomaji akasema saa 55 hazimhusu. Hebu tuhesabu. Anayeingia afisini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, akila chakula cha mchana mbele ya tarakilishi, hufanya saa 45 kwa siku tano. Akijibu ujumbe wa kazi kwa saa mbili kila usiku, amefikisha 55 bila kulipwa hata senti ya ziada.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Asiyezipata kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kupatwa na shinikizo la damu, kisukari na unene. Kazini husahau, hukasirika haraka na hukosea hesabu.

Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 hapa Kenya inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Huko Ufaransa, tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 50 hutakiwa na sheria kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi. Nchini Kenya, Seneta wa Nandi Samson Cherargei alipendekeza mswada wenye nia kama hiyo mwaka wa 2022. Lakini afisi haina haja ya kungoja Bunge ili ipatane.

Mapatano sita ya afisi

Mkuu wa idara anaweza kuitisha kikao cha nusu saa, na wote wakubaliane yafuatayo:

1. Kila kifaa na kazi yake. La dharura hupigiwa simu. La leo hutumwa kwa ujumbe. Linaloweza kungoja hadi kesho hutumwa kwa barua pepe. La kukumbukwa huandikwa katika hati ya pamoja.

2. Kila ujumbe wa kazi utaje mtu anayehusika, anachotakiwa kufanya, na kabla ya saa ngapi. Mpokeaji arudie alivyoelewa.

3. Kuwe na saa ya kunyamaza, kwa mfano kuanzia saa moja usiku hadi saa moja asubuhi. Mahali penye kazi ya usiku, wapange zamu ili simu imlilie mmoja tu.

4. Kila siku pawe na muda, labda saa tatu hadi saa tano asubuhi, ambapo hakuna mikutano na arifa zimezimwa ili kazi nzito ifanyike.

5. Mkutano wa video usizidi dakika 45, na uwe na ajenda. Asiyehusika asialikwe.

6. Habari za ugonjwa wa mfanyakazi zisitumwe kwenye kundi. Cheti cha daktari kipelekwe kwa afisa mhusika peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Mkuu awe wa kwanza kuyafuata. Bosi anayeandika saa sita usiku, hata akiongeza "si lazima ujibu sasa", amekwisha kuwaamsha watu. Aandike akitaka, lakini apange barua pepe hiyo iondoke asubuhi.

Na mwili je?

Kwa kawaida tunapepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya tarakilishi huweza kupungua hadi mara tano au saba, na ndiyo maana macho hukauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa muda wa sekunde 20.

Sehemu ya juu ya kioo iwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Miguu ikanyage sakafu na mgongo uegemee kiti. Anayetumia tarakilishi ndogo ya kubebwa anaweza kuiinua kwa vitabu na kuongeza kibodi ya pembeni. Simama na utembee angalau mara moja kila saa. Mwenzako akiwa mlango wa pili, mwendee badala ya kumwandikia.

Mwone daktari ukiona vidole vinakufa ganzi usiku, maumivu ya shingo yanashuka mkononi, au usingizi umekosekana kwa zaidi ya majuma matatu. Lakini uso ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho chaweza kuwa kiharusi. Maumivu ya kifua yanayobana pia ni dharura. Kimbia hospitali mara moja, wala usingoje mkutano uishe.

Walio na umri wa miaka 40 na zaidi wapimwe shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hawaumwi. Wanaofanya kazi za kukesha na simu wasingoje umri huo.

Anza na dogo. Juma hili, fungua kundi la kazi na uhesabu ujumbe uliotumwa jana baada ya saa moja usiku. Kisha jiulize: ni mangapi kati ya hayo ambayo yangeharibika kama yangengoja hadi asubuhi? Ipeleke hesabu hiyo katika kikao cha idara, nayo itafungua mazungumzo.